Imegoma Wapi? Miaka Yangu na Masasisho Yasiyoonekana

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, mfumo uliokuwa ukitumika tangu Julai 2015. Tangu wakati huo meza yangu ya ufundi imejaa kompyuta mpakato ambazo hazijaharibika. Zinawaka, zinaandika, zinapiga muziki. Wenye nazo wananieleza jambo moja: wamesikia kuna Windows 11, wamefungua ukurasa wa masasisho, wamebonyeza, wamesubiri, na hakuna kilichotokea. Baadhi yao wameshaambiwa mtaani kuwa mashine imekwisha, wanunue nyingine. Wengine wameshauriwa wazime masasisho moja kwa moja ili yale maonyo yasiwasumbue.

Ushauri huo wa kuzima ndio ulionirudisha nyuma. Nimeusikia tangu siku za kwanza za kazi hii, na nimeona ulikowafikisha watu. Naandika kumbukumbu hizi kwa sababu ninaamini kwamba sasisho lisiloonekana, au linaloonekana likakataa kuingia, lina sababu inayoweza kutafutwa ikapatikana. Na kwetu sababu hiyo mara nyingi imo ndani ya maisha yetu wenyewe: bando tunalojiunga, umeme unaokatika, mashine za mitumba tunazomudu. Fundi anayezima masasisho bila kuitafuta sababu amechukua fedha ya mteja na kumwachia tatizo lake.

Nilianza kujifunza ufundi Kariakoo mwaka 2014, mwaka ule ule Windows XP ilipofikia mwisho wa huduma, tarehe 8 Aprili. Kazi iliyolipa kodi ya duka ilikuwa "kupiga Windows": unafuta kila kitu, unaweka mfumo upya kutoka kwenye CD, unamkabidhi mteja mashine inayokimbia. Katika maduka mengi, hatua ya mwisho ya kazi hiyo ilikuwa kuzima masasisho. Nakala nyingi hazikuwa halali, mafundi waliogopa zisije zikagundulika, na intaneti ilikuwa ghali. Mteja aliondoka ameridhika. Hakujua kilichozimwa, wala hapakuwa na aliyemwambia.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na utaratibu huo. Mteja akifika na kusema "apdeti inagoma", alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Imegoma wapi?" Wengi hawakuwa na jibu, naye aliwaeleza taratibu, kama alivyonieleza mimi. Kazi ya kusasisha ina hatua tatu. Kwanza kompyuta inaiuliza seva ya watengenezaji: mimi ni mashine ya namna hii, nina toleo hili, kuna kipya kinachonifaa? Pili, likiwepo jibu, inapakua mafaili. Tatu, inayasakinisha, mara nyingi kwa kujizima na kujiwasha. Hatua ya kwanza ikikwama, mteja haoni kitu kabisa. Ya pili ikikwama, anaona asilimia zisizosogea. Ya tatu ikikwama, anaona mashine inahangaika, halafu inarudi ilipokuwa. Malalamiko yanafanana, lakini dawa hazifanani.

Mteja wa kwanza niliyemwona akisaidiwa kwa mpango huo alikuwa mwalimu wa sekondari, mama wa makamo. Kompyuta yake ilikuwa ikiuliza seva na kurudi na namba ya kosa, 0x80072F8F. Alikotoka walimwambia ni virusi, ifutwe yote, na humo ndani kulikuwa na mitihani na matokeo ya wanafunzi. Mzee alimwamkia, akaiwasha mashine, kisha akanionyesha kona ya chini kulia ya skrini. Saa ilisoma mwaka 2009.

Alinieleza jambo ambalo nimelitumia tangu siku ile. Kompyuta inapowasiliana na seva kwa njia salama, seva inaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009 inaona cheti kilichotolewa baadaye hakijaanza kutumika, basi inakataa kuzungumza. Intaneti ipo na mfumo ni mzima, ila kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa kilikuwa kimekufa. Tulikibadilisha, tukarekebisha tarehe, na masasisho yakajitokeza yenyewe. Mwalimu aliondoka na mitihani yake yote.

Pale nilijifunza kwamba namba ya kosa ni ushahidi, haifai kufungwa haraka kama tangazo. Iandike, ipige picha kwa simu, kisha uanze kukagua vitu vyepesi: tarehe, nafasi kwenye diski, intaneti. Ni kwa kuvidharau vitu hivyo ndipo watu wanapoteza mafaili ya miaka.

Windows 10 ilipoenea, aina nyingine ya malalamiko ilianza kuingia dukani, hasa kutoka kwa wanafunzi wa vyuo. Namkumbuka binti mmoja wa mwaka wa pili aliyeniambia, "Kaka, apdeti naiona, lakini haishuki." Alikuwa akitumia intaneti ya simu yake, na mwenzake wa hosteli alikuwa amemwelekeza aiweke kama mtandao wa kulipia kwa kipimo ili bando lisiishe. Ushauri ule ulikuwa mzuri. Mpangilio huo unaiambia Windows iache kupakua vitu vikubwa, nayo ilikuwa imetii. Ilitii hivyo muhula mzima, huku masasisho ya usalama yakirundikana mlangoni.

Binti yule aliniwekea wazi kwamba sasisho la bure lina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtumiaji mwenye bando dogo. Kumwambia "washa tu" kusingemsaidia. Tulikaa tukapanga. Masasisho ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Basi kila mwezi baada ya Jumanne hiyo ajiunge bando la usiku, aondoe kizuizi, aache mashine kwenye chaja ipakue, asubuhi arudishe kizuizi. Nilimwonyesha pia mpangilio unaoruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana masasisho yaliyokwisha kupakuliwa, unaofaa pale wanafunzi wanapotumia kiruta kimoja. Na kwa wale wasio na intaneti kabisa, Microsoft ina katalogi ya mtandaoni ambako fundi anaweza kupakua sasisho moja moja kama faili, akalibeba kwenye flashi na kulisakinisha popote. Nimeitumia njia hiyo kwa zahanati na shule zilizo mbali na mji, na ningependa kila fundi wa wilayani aijue.

Mei 2017 ndiyo iliyonifanya nisiwe na subira tena na tabia ya kuzima masasisho. Ijumaa ya tarehe 12, virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kusambaa duniani, vikifunga mafaili na kudai fidia. Ndani ya siku chache vilikuwa vimeingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji na kurudisha wagonjwa. Vilipenya kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshalizibia kiraka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Aliyekuwa amepokea sasisho lile alikuwa na kinga. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao kiraka chake kilikuwepo.

Jumamosi ile niliitwa na ofisi moja ndogo ya kupakia na kutoa mizigo. Hawakuwa wameshambuliwa, ila walikuwa wamesikia taarifa ya habari na wamechomoa nyaya za mtandao kwa hofu. Nilipita mashine moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimezimwa masasisho, kwa mkono wa fundi, isipokuwa ya mtunza stoo. Hiyo ilikuwa nzito na ya zamani, na hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Kiraka cha Machi kilikuwamo. Katika ofisi ile, kompyuta pekee iliyokuwa salama ni ile ambayo watu wa kazi yangu hawakuifikia.

Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Tulilipwa kulinda, na tulichokifanya kwa miaka ni kuondoa ulinzi ili wateja wasirudi kulalamika kwamba mashine inajizima yenyewe. Tangu siku ile, mteja akiniambia masasisho yanamsumbua, ninamwekea saa za kazi ambazo mashine haitajizima, au ninasitisha kwa wiki chache kupitia Mipangilio, ambako kusitisha kuna tarehe ya mwisho. Kuzima moja kwa moja sifanyi.

Baadaye ikaja zamu ya mitumba. Kompyuta za ofisi za Ulaya na Marekani, zilizomaliza muda wake huko, zinaingia Dar es Salaam kwa wingi na zinatusaidia sana. Muuguzi mmoja alininunulia kahawa na kuniomba nimwangalizie ya kwake: nzuri, imara, bei nafuu, lakini ukurasa wa masasisho ulikuwa na maandishi mekundu yakisema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lake. Yeye hakuwa na shirika. Kompyuta za kampuni kubwa mara nyingi huelekezwa kuchukua masasisho kwenye seva ya ndani ya kampuni, ili wataalamu wao wakague kabla ya kuruhusu. Mashine ya muuguzi ilikuwa bado inaiuliza seva ya ofisi ya mbali ambayo isingeweza kuifikia, sawa na mtu anayeendelea kutuma barua kwenye nyumba ambayo wenyewe walihama.

Kwa mashine kama hiyo, kubonyeza kitufe cha kutafuta masasisho mara mia hakutaleta kitu. Safari hii kusakinisha mfumo upya, safi, ndiyo ilikuwa dawa, baada ya kuhifadhi kazi zake kwenye diski ya nje. Lakini kuna mitumba ambayo hata baada ya kusafishwa inarudi kudai barua pepe ya kampuni ya zamani, kwa sababu bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo mtandaoni. Hapo fundi hana la kufanya kwa halali. Ni juu ya muuzaji kurudi kwa aliyemuuzia. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, iwashe, iunganishe na intaneti, fungua ukurasa wa masasisho palepale dukani na usubiri jibu. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kisa kingine kilinifunza kusubiri. Wahasibu wawili wa ofisi moja, marafiki, walikuwa wamenunua kompyuta za namna moja. Mmoja alipata toleo jipya la Windows, mwingine wiki zikapita hana. Aliamini amepunjwa. Nilipokagua niliona tofauti ndogo: mashine yake ilikuwa na draiva ya sauti ya toleo jingine. Matoleo makubwa hayatolewi kwa wote siku moja. Hutolewa kwa mafungu, na mashine zenye draiva au programu iliyojulikana kuleta mgongano huzuiwa makusudi mpaka tatizo litatuliwe.

Utaratibu huo una historia. Toleo la Oktoba 2018 la Windows 10 lilipoanza kutolewa, baadhi ya watumiaji walipoteza mafaili yao, Microsoft ikalisimamisha baada ya siku chache na kulirudisha Novemba. Kwa mhasibu mwenye hesabu za mwaka mzima kwenye mashine, kucheleweshwa mwezi mmoja ni heri. Nilimwambia asitafute njia ya kulazimisha, ila asasishe draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, ahifadhi nakala ya kazi zake, na asubiri. Likaja. Tangu hapo, mtu akiniambia toleo jipya halionekani, ninamuuliza kwanza kama masasisho ya usalama ya kila mwezi yanaingia. Kama yanaingia, mashine inalindwa, na subira haina hasara.

Hatua ya tatu, ya kusakinisha, ndiyo yenye hofu kubwa, na kwetu hofu hiyo inatoka kwenye soketi ya ukutani. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, nilipokea mashine nyingi zilizozimika katikati ya kazi, betri zao zikiwa zimechoka. Baadhi zilijirudisha zenyewe kwenye hali ya awali. Windows imeundwa kujaribu kutendua mabadiliko yasiyokamilika. Nyingine zilibaki zikizunguka bila kufika mwisho. Kijana mmoja wa studio ya picha alitaka nimfutie yote aanze upya. Tuliingia kwanza kwenye mazingira ya urejeshaji, tukaondoa sasisho lililokatika, mashine ikawaka. Kisha tukaziendesha amri mbili ambazo mafundi wanazijua, DISM na SFC, zinazokagua mafaili ya mfumo na kuyarekebisha. Picha za harusi za watu zikapona.

Yeye pia alikuwa na tatizo la pili, lililokuwa limefichwa na la kwanza: diski ilikuwa imejaa. Sasisho kubwa linahitaji nafasi ya kutosha kuhifadhi mfumo wa zamani pembeni huku mpya ukijengwa. Nafasi ikikosekana, mara nyingi utaona kosa 0x80070070. Kompyuta ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 zinaumia zaidi hapa. Hamisha picha na video, futa mafaili ya muda, na ikiwezekana chomeka flashi yenye nafasi, maana Windows inaweza kuitumia kama sehemu ya kufanyia kazi toleo kubwa linapoingia.

Mambo yote hayo yamekutana sasa kwenye meza yangu, kwa sababu ya tarehe ile ya Oktoba 2025. Kwa wengi wanaokuja, Windows 11 haionekani kwa sababu mashine haikidhi masharti: kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, uwezo wa kuwaka kwa njia salama, na prosesa iliyo kwenye orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Mitumba mingi tuliyonayo ni ya kabla ya hapo. Hata hivyo, zimo mashine ambazo TPM ipo na imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kuwashia mashine. Nimeziwasha kadhaa, na toleo jipya likaonekana. Ndiyo maana ninasikitika kusikia mtu ameuza kompyuta yake kwa bei ya kutupa kabla haijakaguliwa.

Kwa ambazo kweli hazifai, zipo njia. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga kunawezekana bila malipo kwa anayeingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake mtandaoni, au kwa kulipa dola 30. Kiungo cha kujiunga kinatokea kwenye ukurasa ule ule wa masasisho, na hakitokei kama mashine haijafika toleo la 22H2 na kupokea masasisho yaliyotangulia. Wale waliozimiwa masasisho kwa miaka ndio sasa hawakioni. Tunalazimika kuwasha kilichozimwa, kusubiri yaliyorundikana yaingie, ndipo mlango ufunguke. Kwa mashine ya kuandikia, kusoma na kutumia intaneti, Linux kama Ubuntu au Mint ni chaguo la heshima, haidai ada, na masasisho yake yanaendelea.

Msomaji, kompyuta yako ikikataa sasisho, usikubali ifutwe kabla hujahifadhi nakala ya kazi zako na kabla hujaambiwa imekwama kwenye kuuliza, kupakua au kusakinisha. Na wewe fundi mwenzangu, unayo haki ya kulipwa kwa muda wa kutafuta sababu. Mwambie mteja hivyo waziwazi. Ikitokea umelazimika kusitisha masasisho yake, mwandikie kwenye risiti kwamba yamesitishwa, na umwandikie tarehe ya kuyawasha tena.